Mwaka wa Sufuria la Shaba

Zaina amezikwa Jumanne. Wanaume walipobeba jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki uani kwake pale Masuguru, Korogwe, wengine kwenye mikeka wameinyoosha miguu, na mimi nikapewa kiti cha plastiki kwa sababu ya magoti. Nilikuwa nimechoka. Sisemi kuchoka kwa safari, maana kutoka kwangu mpaka kwake ni mwendo wa kuazima chumvi. Nimechoka na misiba yenyewe, na maturubai, na kuulizwa marehemu alikuwa anaumwa nini, na kujibu. Nyuma ya kichwa changu wasichana wa mtaani walikuwa wanakoroga pilau la waombolezaji, na mmoja akamwuliza mwenzake, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kama huyu marehemu si binti wa yule bibi wa Handeni aliyeroga kijiji. Mwenzake akamwambia anyamaze, watu wa kwao wapo. Nikainuka na magoti yangu, nikaenda kuchungulia ndani ya sufuria lao. Watoto wangu wananicheka kwa tabia hiyo: kila shughuli ninayokwenda lazima nikaangalie sufuria ndani likoje, na wao wanadhani ni njaa. Lilikuwa la alumini, jeusi kwa nje, halina neno. Nikarudi kukaa.

Mwaka ninaotaka kuusimulia tulikuwa kidato cha nne, shule ya bweni hapa Korogwe, mimi na Zaina dawati moja. Ulikuwa mwaka wa kuhama. Kule Handeni watu walikuwa wanatolewa kwenye mashamba yao ya zamani na kupangwa kwenye vijiji vipya, nyumba mstari mmoja, na sisi shuleni tulilima mahindi asubuhi, tukasoma mchana, tukaambiwa elimu ni ya kujitegemea. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha ya wavu, kinanuka mafuta ya taa na mavi ya popo. Mwalimu wa kemia, Mwalimu Mbwambo, alikuwa Mpare mwembamba wa maneno machache, na amonia ya shule nzima ilikuwa chupa moja ambayo aliifungia kabatini. Siku ya kutufundisha kuitambua shaba alituita tuizunguke meza yake. Alikuwa ameyeyusha mrututu kwenye maji, mrututu ule ule wanaouza sokoni kwa ajili ya vidonda, na maji yalikuwa na rangi hafifu, ya kuangalia kwa makini ndipo uione. Akaanza kudondosha amonia. "Tone kwa tone," akasema. "Mwenye papara atoke nje akalime." Matone ya kwanza yalileta wingu zito la bluu iliyopauka, likatanda kama maziwa yaliyoganda. Akaendelea kudondosha, na wingu lile likayeyuka lote, kukabaki maji maangavu ya bluu iliyokolea kiasi kwamba sikuwa nimeiona kwenye kanga yoyote. Alitueleza kwamba shaba ikiwa kwenye maji matupu haijionyeshi sana. Amonia ikija kwa wingi, chembe zake nne zinaizunguka kila chembe ya shaba na kuishika, na hapo ndipo rangi hiyo inapotoka. Katika chumvi zote tutakazopewa kwenye mtihani, alisema, ni ya shaba tu itakayofanya hivi. Tukaandika kwa Kiingereza, tukakariri kwa Kiingereza. Zaina akaninong'oneza kwamba anataka gauni la rangi ile, na mwalimu akamsikia. "Utalipata ukifaulu," akamwambia, wala hakucheka.

Nimekuja kulifundisha somo hilo mwenyewe, miaka mingi, shule baada ya shule, mpaka nikastaafu. Nimedondosha amonia mbele ya watoto wengi sana, na kila mara wanapovuta pumzi kwa kuiona bluu inavyotoka, mimi naangalia dirishani. Wenzangu walidhani ni harufu ya amonia inayonikera. Niliwaacha wadhani hivyo.

Likizo ya katikati ya mwaka Zaina alinichukua kwao, kwa kuwa kwetu kulikuwa mbali na nauli ilikuwa taabu. Tulipanda basi, tukapita Kabuku, tukashuka njia panda na kutembea upande wa Mazingara, masanduku kichwani, mpaka tukafika kwenye kijiji chao kipya ambacho kuta zake zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi. Mama yake, Bi Mwantumu, alikuwa mjane, mrefu, sauti yake nzito kidogo kwa mwanamke, na mtani kupita kiasi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akanizunguka akinikagua kama anayenunua mbuzi, akasema, "Huyu ndiye Anastazia? Shule inawalisha nini, chaki?" Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na chetu kilikuwa na kitanda cha kamba kilicholegea katikati, kwa hiyo kila asubuhi mimi na Zaina tuliamka tumebebana. Tulikula bada, ule ugali wa muhogo mweusi unaonata mkononi, kwa mboga ya mchunga iliyo chungu mpaka machozi, na nilipokunja uso Bi Mwantumu aliniongezea. Somo letu la kemia aliliita upishi usiolika. "Mnachemsha, mnachuja, mnakoroga, halafu mnamwaga," alisema. "Mimi nikifanya hivyo hapa watu watanipiga."

Maana yeye ndiye aliyekuwa mpishi wa kijiji. Siku za shamba la pamoja watu wote walikula uji kwa chungu kimoja, na chungu chenyewe lilikuwa sufuria kubwa la shaba, la kuingia mtoto akakaa, lililotoka kwa mwenye duka mmoja wa Kabuku aliyefunga duka na kuhama. Ndani lilikuwa na rangi nyeupe iliyofifia, yenye mabaka. Hakuna aliyejiuliza ule weupe ni nini. Uji wetu ulikuwa wa mahindi, unatiwa ukwaju, kwa kuwa sukari haikupatikana na ukwaju upo porini bure, na Bi Mwantumu alijua kuulainisha mpaka wazee wasio na meno walimwombea dua. Watoto wa kijiji nao walikuwa wake kwa namna nyingine. Mtoto akiwa na kidonda, mama yake alimleta kwa Bi Mwantumu, naye alikuwa na kopo la mrututu uvunguni, akausaga kidogo na kumpaka, na mtoto akalia mtaa mzima ukasikia, na kidonda kikakauka.

Wiki ya pili ya likizo likaja tangazo kwamba mgeni kutoka wilayani atatembelea kijiji. Nadhani ni wale tu waliokuwa watu wazima miaka hiyo wanaojua tangazo kama hilo lilivyokuwa. Bwana shamba alileta mbolea ya chumvichumvi akaipanga ghalani ionekane. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Vyoo vilichimbwa upya, uwanja ukafagiliwa mpaka vumbi likaisha, na mwenyekiti, mzee mpole aliyeishi kwa hofu ya kushindwa na vijiji jirani, alipita nyumba hadi nyumba akisema usafi, jamani, usafi. Siku moja kabla ya mgeni, Bi Mwantumu alituchukua mimi na Zaina kwenda kuangua ukwaju. Tuliporudi mchana na vikapu, wanawake walikuwa wamelizunguka sufuria uwanjani, wameliinamisha ubavu, wanalisugua ndani kwa mchanga na majivu na maganda ya ukwaju. Walikuwa wanaimba. Aliyekuwa amezama kabisa mle ndani, miguu tu nje, ni Mama Sefu, mwanamke kijana mwenye mtoto mmoja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alitoka akiwa amelowa, mikono imechubuka, anacheka. Weupe wote ulikuwa umekwisha, na ndani ya sufuria kulikuwa kwekundu, kunang'aa kama senti mpya.

"Njoo ujitazame uso, Bi Mwantumu," Mama Sefu akasema. "Uchafu wa miaka yote nimeutoa."

Bi Mwantumu alichungulia, akajishika kiuno. "Mmelivua nguo sufuria langu," akasema, na wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilicheka na mimi. Katika yote ya mwaka ule, kicheko kile ndicho kinachonirudia mara nyingi, na sijui nikifanye nini.

Kesho yake uji ulikuwa tayari kabla jua halijapanda, ukwaju umetiwa mwingi kwa heshima ya mgeni. Lakini mgeni hakufika. Na kwa desturi, mgeni hajaonja, mwenyeji hali. Basi tukakaa. Asubuhi ikaisha, adhuhuri ikapita, ngoma ikapigwa ikachoka, na uji ukakaa ndani ya sufuria jekundu umefunikwa kwa majani ya mgomba. Alasiri mwenyekiti aliwaonea huruma watoto, akasema hao wapewe. Bi Mwantumu akawapakulia mwenyewe. Wakubwa wachache walionja. Bwana shamba akasema una ladha ya kulamba senti, akaweka kata chini. Watoto walikuwa na njaa, walikunywa. Hata nusu saa haikupita wakaanza kutapika uwanja mzima, na matapishi yalikuwa na ukijani unaokaribia bluu. Wengi walitapika wakalala wakapona. Sefu alikuwa ametoka kuugua surua, mifupa mitupu. Alitapika usiku kucha, na mama yake akimpa maji, nayo hayakai. Ukuta wetu ulikuwa mmoja, kwa hiyo tulisikia kila kitu, na ilipofika alfajiri tukasikia amenyamaza. Baadaye tuliambiwa gari la mgeni liliharibikia Kabuku.

Hawakuanza kusema siku ya maziko. Siku ya maziko Bi Mwantumu alikwenda kukaa msibani kama jirani, na Mama Sefu akamwegemea. Siku iliyofuata ndipo nilipokuwa nachota maji kisimani nikawasikia wanawake wawili: nani alipika, nani alipakua, kwa nini mwanawe na rafiki wa mwanawe hawakunywa. Hatukunywa kwa sababu tulikuwa tunagawa vikombe. Jioni neno hilo lilikuwa limekuwa kubwa. Mtu alikumbuka kopo la mrututu uvunguni, ile bluu, na matapishi yalikuwa na rangi gani. Wale wale waliomletea watoto wao awapake sasa walisema alikuwa anawatayarisha. Mama Sefu aliacha kuitikia salamu yake. Mwenyekiti akaja, akakaa mlangoni akizungusha kofia mikononi, akasema kuna kikao Ijumaa baada ya swala, na kwamba watu wanataka Bi Mwantumu aondoke kijijini. "Mimi sisemi ulifanya," akamwambia. "Nasema watu wanasema." Bi Mwantumu akamkaribisha bada. Akakataa, na kukataa chakula kwake siku hiyo kulisema yote.

Zaina ndiye aliyesema shaba. Tulikuwa tumelala kwenye lile shimo la kitanda, akasema, Tasia, ile rangi. Nikamwambia nami nimeifikiria. Lakini kufikiria si kuthibitisha, na Ijumaa ilikuwa inakuja, na chupa ya amonia ilikuwa Korogwe kabatini kwa Mwalimu Mbwambo. Ila tulijua inavyotengenezwa, tulikariri, na vifaa vyote vilikuwa pale kijijini kwa ajili ya mgeni asiyefika: mbolea ya chumvichumvi ghalani, ambayo amonia imo ndani yake, na chokaa iliyobaki baada ya kupaka mawe. Bwana shamba alitupa mbolea konzi moja bila kuuliza. Nadhani aliona aibu. Tulichanganya na chokaa iliyoloweshwa kidogo ndani ya birika kuukuu, tukaziba kifuniko kwa udongo, tukachomeka kwenye mdomo wa birika bua la jani la mpapai, na ncha nyingine ya bua tukaiegesha ndani ya chupa ya maji baridi, juu juu ya maji, yasije yakavutwa na kurudi birikani. Tukapasha moto wa vijiti. Ukatoka mvuke wa kukata pua, harufu ya choo cha bweni, na maji ya chupa yakaunywa. Zaina machozi yalimtoka, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Tulikwangua uji uliokaukia kwenye ukingo wa sufuria, tukauloweka kwa maji ya ndimu, tukauchuja kwa kipande cha kanga, tukadondosha amonia. Wingu halikutokea kama shuleni. Maji yalipita kwenye kijani, yakaingia moja kwa moja kwenye bluu. Nilikuja kuelewa baadaye sana, chuoni, kwamba asidi ya ukwaju nayo huishika shaba isitengeneze lile wingu. Siku hiyo sikujali. Bluu ilikuwa ni ile ile ya mezani kwa mwalimu, na Zaina akaniangukia shingoni.

Kisha nikaliona kopo la mrututu. Lilikuwa pale pale karibu na jiko, Bi Mwantumu amelitoa uvunguni kwa kuwa hakuwa na haja tena ya kulificha. Mrututu ni shaba. Yeyote atakayetuuliza Ijumaa shaba ilitoka wapi, bluu yetu itamwonyesha kopo. Tulikuwa tumetengeneza ushahidi wa kumfunga mama yetu mwenyewe. Zaina alinitazama nikimweleza, na nikaona akielewa kabla sijamaliza, akainamisha uso magotini. Nilipata akili moja tu. Sufuria lilikuwa bado uwanjani, hakuna aliyetaka kuligusa. Asubuhi ya Alhamisi tulitia ndani yake maji safi na ukwaju mpya tuliouangua wenyewe, na maji na ukwaju kama huo tukatia kwenye chungu cha udongo, tukakaa kati ya viwili hivyo tuhakikishe hakuna mkono unaofika. Watu walipita mbali. Tulipopima alasiri, maji ya chungu yalibaki na rangi yake ya ukwaju. Maji ya sufuria yakawa bluu.

Bi Mwantumu alikuwa amesimama nyuma yetu. Tukamweleza kwa Kiswahili, kitu ambacho hatukuwa tumewahi kukifanya, na maneno tuliyatafuta. Ukwaju unaila shaba, mama, shaba inaingia kwenye uji, na amonia inaiumbua. Akauliza swali ambalo Mwalimu Mbwambo angempa alama zote: mbona siku zote tumepika humo na watu wakashiba? Zaina akapitisha kidole chini ya ukingo wa sufuria, mahali mikono ya wanawake haikufika, pakabaki utepe wa weupe. "Lilikuwa na ngozi ya bati," akasema. "Ile mliyodhani uchafu. Ndiyo iliyokuwa inazuia. Wameisugua ikaisha."

Bi Mwantumu alikaa chini, kwenye mchanga, pale pale. "Nani alisugua?" akauliza, ingawa alijua.

"Wote, mama. Mama Sefu zaidi."

"Na kesho mtasimama mseme hivyo."

"Tutasema ukweli," Zaina akasema. "Wakuombe radhi."

"Mama Sefu atasikia nini?"

"Atasikia kwamba hukumuua mwanawe."

"Atasikia kwamba amemuua yeye. Kwa kusugua." Alisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Mimi nimezika watoto watatu kabla yako, Zaina. Na sikuwaua. Bado kila mmoja najiuliza. Yule mtoto wa watu, ni kijana, atajiuliza mpaka lini?"

Zaina akasema yeye Mama Sefu hamhusu. Alimwambia mama yake maneno ambayo sikuwahi kumsikia mtoto akimwambia mzazi, kwamba anapenda kuonewa, kwamba watamwita mchawi na yeye Zaina mtoto wa mchawi mpaka kaburini. Bi Mwantumu alichukua ile chupa yetu ya bluu, akaenda akaimwaga nyuma ya choo. Na mimi nilifanya nini? Nilikuwa mgeni, nimeketi na birika mapajani. Nilidhani Zaina ana haki, na nilidhani mama yake ana haki, na mpaka leo, nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote kwamba jibu sahihi ni moja, sijaamua.

Ijumaa walikaa uwanjani, wanaume mbele, wanawake nyuma, Mama Sefu katikati ameshikwa mabega. Mwenyekiti akamwuliza Bi Mwantumu ana la kusema. "Uji nilipika mimi," akasema. "Sina jingine." Zaina alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Pengine ingeishia hapo, na pengine mwenyekiti angepata njia ya kumaliza kwa upole, kwa sababu alionekana kushusha pumzi. Akasema basi, ya Mungu tumwachie Mungu, Bi Mwantumu apumzike na upishi, na Jumatatu kuna shamba la pamoja, kinamama walioshe sufuria waendelee, kijiji hakina jingine.

Nikamwona Bi Mwantumu amegeuka kulitazama sufuria. Kisha akatutazama sisi. Kisha akamtazama Mama Sefu.

"Msipike humo," akasema.

"Kwa nini?" mwenyekiti akauliza.

Bado angeweza kusema ukweli. "Kwa sababu nimelifunga," akasema, na sauti yake nzito ilifika kila mahali. "Mimi mwenyewe. Atakayepika humo, kitakachompata asinilaumu."

Watu waliokuwa karibu naye waliinuka wakarudi nyuma. Hakuna aliyempiga. Mama Sefu alitoa sauti ambayo sitaieleza. Jioni hiyo wanaume walilikokota sufuria kwa kamba, bila kuligusa kwa mikono, wakalifukia porini, na asubuhi sisi watatu tulitembea mpaka barabarani na mizigo yetu, hakuna aliyetusindikiza. Bi Mwantumu alipanga chumba Masuguru, hapa hapa ninapoandikia kuhusu msiba wa mwanawe. Hakuwahi tena kupikia watu. Kwenye shughuli alikuwa anakaa mbali na jiko, na akiletewa sahani anasema ahsante. Zaina hakusema naye mpaka mtihani ukapita. Siku ya mtihani wa vitendo tuliwekewa unga kwenye karatasi, tukauyeyusha, tukadondosha amonia, na bluu ikatoka meza zote. Zaina aliandika jibu, akafaulu, akasema hataki kusikia kemia tena. Akawa fundi cherehani, akashona sketi za bluu za shule mpaka macho yakamchoka. Mama yake alipougua yeye ndiye aliyemuuguza, na waliishi vizuri, wakitaniana, lakini habari ya sufuria hawakuigusa mbele yangu hata mara moja. Wameondoka wote wawili. Nimebaki mimi peke yangu ninayejua, na nasema kweli, ni mzigo wa kijinga kwa mtu wa umri wangu.

Basi Jumanne ile, pilau limekwisha kupakuliwa, mjukuu wa mtu akaja akaniambia kuna bibi kutoka Handeni anataka kukaa karibu nami. Nilimjua kwa mwendo kabla ya uso. Mama Sefu amekuwa mdogo, amejikunja, macho yana ukungu. Nikainuka nikamwambia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha plastiki kama changu, na kwa muda tukawa tunawatazama wasichana wanaosha sahani. Alisema amepanda basi tangu alfajiri. Alisema alisikia Zaina ametutoka, akaona asipokuja leo hatakuja tena.

"Mwalimu," akasema. "Ulisoma mambo ya sumu."

"Nilisoma kemia, mama."

"Nataka kujua jambo moja nipumzike. Mwantumu alimuua mwanangu?"

Nilitegemea swali hilo kwa miaka mingi. "Hapana," nikasema. "Hakumuua. Tulipima. Naapa kwa Mungu wangu."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Aliyafuta macho kwa ncha ya kanga. "Nilikuwa nafikiri," akasema. "Siku ile alivyonitazama. Mtu aliyekuua mtoto hakutazami vile." Nikaomba moyoni aishie hapo. "Sasa ilikuwa nini?"

"Sufuria, mama. Lilikuwa limezeeka."

"Halikuzeeka." Aligeuka kabisa kwenye kiti, ukungu wa macho yake ukanielekea. "Lilikuwa linang'aa. Nililisugua mwenyewe, nimeingia mpaka ndani, kwa mchanga na ukwaju, mikono hii ikatoka damu. Lilikuwa safi, Mwalimu. Unakumbuka?"

Wasichana waliendelea kuosha sahani. Nilimshika mkono.

"Nakumbuka," nikamwambia. "Lilikuwa safi."